Nani Atakuja Msibani? Uhumanisti na Swali la Jumuiya

Muhula uliopita, wiki moja kabla ya mitihani, mwenzangu wa chumba alipigiwa simu saa kumi alfajiri. Baba yake alikuwa amefariki. Kwao ni mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, na boom lilikuwa bado halijaingia. Tulikaa kitandani mpaka kukapambazuka, bila kusema la maana.

Saa moja asubuhi mlango uligongwa. Walikuwa vijana wanne wa umoja wa wanafunzi Wakristo. Mwaka wa kwanza mwenzangu aliimba kwenye kwaya yao. Mwaka wa pili akaacha, akawaambia wazi kwamba haamini tena. Walikuja hivyo hivyo. Kufikia saa sita mchana daftari la michango lilishazunguka mabweni mawili, nauli ilishapatikana, na mmoja wao alishafunga begi ili amsindikize mpaka kijijini. Jirani zetu wa chumba cha pili, ambao ni Waislamu, walileta chai na chapati, na baada ya adhuhuri wakachangisha msikitini.

Na sisi je? Nikisema "sisi" namaanisha lile kundi letu la usiku pale kwenye vimbweta, tunaobishana kama Mungu yupo, kwa nini watu wema wanateseka, na kama maadili yanahitaji dini. Tuko ishirini na tatu kwenye WhatsApp. Siku ile meseji zilimiminika: "Pole sana kaka", "Tuko pamoja", na vikatuni vya machozi. Hakuna aliyefungua daftari. Hakuna aliyepanda basi. Mimi mwenyewe nilikuwa na kazi ya kukusanya Ijumaa, ndivyo nilivyojiambia.

Aliporudi alikaa siku tatu bila kuligusa suala hilo. Siku ya nne akaniambia, bila hasira yoyote: "Kaka, mna hoja nzuri sana. Ila hamna daftari."

Makala hii imetokana na sentensi hiyo. Nilitaka kujua kama kuna mahali popote duniani ambapo watu wasio na dini, au wasioegemea dini, waliwahi kuwa na daftari. Jibu ni kwamba wapo, tena kwa muda mrefu, na wengine wako jirani zetu kabisa. Wanaitwa wahumanisti.

Tuelewane kwanza kuhusu neno

Neno uhumanisti lina mitego. Wanaosoma historia watakumbuka wanazuoni wa Ulaya wa karne ya 14 na 15 waliofufua maandishi ya Wagiriki na Warumi. Hao nao huitwa wahumanisti, lakini wengi wao walikuwa waumini safi. Wanaosoma siasa watamkumbuka Kenneth Kaunda, ambaye mwaka 1967 aliufanya "uhumanisti" kuwa falsafa rasmi ya Zambia. Kaunda alikuwa Mkristo na mtoto wa mchungaji. Alichotaka ni uchumi na siasa zinazomweka mtu katikati, kwa namna inayofanana na Ujamaa wetu.

Uhumanisti ninaouzungumzia hapa ni wa tatu. Ni msimamo wa maisha unaosema kwamba mtu anaweza kuishi vizuri, akawa mwema na akapata maana ya maisha, bila kutegemea ufunuo kutoka mbinguni. Uzuri na ubaya tunautambua kwa kutumia akili, kwa kuoneana huruma, na kwa kuangalia matendo yetu yanawafanya nini wengine. Maisha ndiyo haya tuliyo nayo, kwa hiyo yanastahili kutunzwa, yako na ya jirani yako.

Watu huchanganya jambo hili na ukanaji Mungu. Vinahusiana lakini si kitu kimoja. Asiyeamini Mungu amejibu swali moja tu: yupo au hayupo? Hapo anaweza kuwa mtu mwema, mchoyo au hata katili. Jibu lake halituambii. Uhumanisti unaanzia pale jibu hilo linapoishia, kwa kuuliza: haya, sasa tuishije?

Sisi Waswahili tuna neno ambalo wengine wangelilipia fedha, nalo ni utu. Tukisema "yule hana utu" hatuulizi kwanza anasali wapi. Sheikh anaweza kulisema, padri anaweza kulisema, na hata asiyesali anaweza kulisema, na wote wakaelewana. Muumini ataniambia kwamba utu huo umetoka kwa Mungu. Mhumanisti atasema unasimama wenyewe, kwa sababu sote tunaumia, sote tunazaliwa tukiwa hatujiwezi, na hakuna anayejizika. Ubishi huo siumalizi leo. Ninachotaka kuuliza ni hiki: ukishasema utu unasimama wenyewe, nani anausimamisha saa kumi alfajiri?

Mapambano madogo na mapambano makubwa

Mtu aliyelitazama swali hili vizuri ni Mholanzi mmoja, Jaap van Praag. Alikuwa Myahudi, na wakati Wanazi walipoikalia Uholanzi ilimbidi aishi mafichoni. Vita vilipoisha, mwaka 1946, alikuwa mmoja wa walioanzisha Humanistisch Verbond, yaani umoja wa wahumanisti wa Uholanzi. Wakati huo jamii ya nchi hiyo ilikuwa imegawanyika kwa madhehebu: Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa na shule zao, magazeti yao, vyama vyao vya wafanyakazi, hata redio zao. Asiye na kanisa alionekana kama mtu asiye na maadili.

Van Praag alisema kazi yao ina sehemu mbili. Kuna mapambano madogo, ya kudai kwamba mtu asiye na dini apewe haki sawa na raia wengine. Na kuna mapambano makubwa, dhidi ya utupu wa moyo: ile hali ya mtu kuacha imani na asiweke kitu chochote mahali pake, akabaki haoni sababu ya kujali lolote. Alikuwa ameona kwa macho yake utupu wa namna hiyo unavyoweza kutumiwa na watu wabaya.

Nilipolisoma hilo nilijiona. Kundi letu la vimbweta linajua mapambano madogo tu. Tunajua kulalamika kwamba kila kikao cha chuo kinafunguliwa kwa sala. Mapambano makubwa hatujawahi hata kuyaanza.

Wadachi waliyaanza kwa vitendo. Mwaka 1945, hata kabla ya umoja wenyewe kuundwa, lilianzishwa shirika la Humanitas la huduma za jamii, ambalo mpaka leo watu wake wa kujitolea huwatembelea wapweke na kuzisaidia familia zilizokwama. Baadaye wakapatikana washauri wa kihumanisti katika hospitali, magereza na jeshi, wanaofanya kazi inayofanana na ya padri wa hospitali au imamu wa jeshi. Mgonjwa asiye na dini anayeogopa kufa hahitaji mtu wa kubishana naye. Anahitaji mtu wa kukaa naye, aliyefundishwa kukaa. Mjini Utrecht kuna chuo kikuu kizima cha masomo ya uhumanisti, kilichoanza mwaka 1989, na sehemu kubwa ya wanafunzi wake husomea kazi hiyo.

Mwaka 1952 vyama vya nchi mbalimbali vilikutana Amsterdam na kuunda umoja wa kimataifa, ambao leo unaitwa Humanists International. Mwenyekiti wa mkutano huo alikuwa Julian Huxley, mwanabiolojia aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO. Walitoa tamko la msimamo wao, na tamko hilo limeandikwa upya mara mbili, mwaka 2002 na 2022. Hapa nataka msomaji aone jambo moja: ni andiko la msingi ambalo wenyewe wanakubali kulirekebisha. Kwa mhumanisti, kubadili mawazo baada ya kuona ushahidi mpya ni sehemu ya msimamo wenyewe.

Norway nako wana lao. Huko vijana wa kanisa hupata kipaimara wakiwa na umri wa miaka 14 au 15, na ni sherehe kubwa ya familia, shangazi na wajomba wote wanakuja. Wasio na kanisa walijiuliza: kwa nini watoto wetu wakose siku hiyo? Tangu mwaka 1951 kuna kipaimara cha kiraia. Vijana husoma kozi ya maadili, haki za binadamu na kufikiri kwa kina, kisha wanapanda jukwaani wakiwa wamependeza, na wazazi wanalia kama kawaida ya wazazi. Maelfu hupitia hapo kila mwaka. Chama kinachoendesha shughuli hiyo, Human-Etisk Forbund, kina wanachama zaidi ya 100,000 katika nchi yenye watu takribani milioni tano na nusu. Scotland nako, tangu mwaka 2005, ndoa iliyofungwa na msimamizi wa kihumanisti inatambulika kisheria. Hapa kwetu asiyetaka kanisa wala msikiti ana ndoa ya bomani, na sheria ya ndoa ya mwaka 1971 inaitambua. Lakini sote tunajua bomani kulivyo: unasaini, unapigwa picha, unaondoka. Sheria umeipata, ila wa kukushangilia unawatafuta mwenyewe.

Meza moja

Usije ukadhani haya ni mambo ya Wazungu wenye nafasi. India, mwaka 1940, mwalimu mmoja aliyeitwa Gora na mke wake Saraswathi walianzisha Kituo cha Wasioamini katika kijiji kimoja cha eneo ambalo leo ni jimbo la Andhra Pradesh. Baadaye kikahamia jirani na mji wa Vijayawada. Gora alizaliwa katika tabaka la juu la Wabrahmin, na alishapoteza kazi ya ualimu kwa sababu ya msimamo wake kuhusu Mungu. Lakini hakujifungia ndani kuandika vitabu vya kupinga dini. Tatizo aliloliona mbele yake lilikuwa utabaka: kuna watu walioitwa najisi, wasioruhusiwa kula na wengine wala kuchota maji kwenye kisima kimoja.

Silaha yake ilikuwa chakula. Aliandaa milo ambayo watu wa matabaka yote walikaa chini pamoja na kula. Inaonekana jambo dogo. Kwa jamii ile ilikuwa kama kuvunja ukuta kwa kijiko. Gandhi, ambaye alikuwa mtu wa Mungu kabisa, alivutiwa na kazi hiyo na wawili hao wakajadiliana mara kadhaa. Binti wa Gora alipochumbiwa na kijana wa tabaka lililotengwa, Gandhi alikubali ndoa ifungwe kwenye ashramu yake ya Sevagram. Aliuawa Januari 1948, kabla ya siku yenyewe. Ndoa ilifungwa pale pale Sevagram mwezi Machi.

Naipenda habari hii kwa sababu inaonyesha kitu ambacho mijadala yetu haikifikii. Gora na Gandhi hawakukubaliana kuhusu Mungu hata kidogo. Kuhusu nani akae mezani walikubaliana, na hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Jirani zetu

Tuvuke mpaka tuingie Uganda. Shule nyingi kongwe za nchi ile, kama zetu, zilijengwa na wamisionari, na mpaka leo shule nyingi ni za dhehebu fulani. Mwaka 2011, katika mji wa Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, Robert Bwambale alianzisha shule ya msingi ya kihumanisti. Kauli mbiu yake inasema kwamba kwa sayansi tunaweza kusonga mbele. Huko Masaka kuna sekondari iliyopewa jina la Isaac Newton, nayo ya kihumanisti.

Shule hizi huchukua watoto wa dini zote. Mtoto wa Kikatoliki, wa Kiislamu na wa Kilokole wanakaa dawati moja, na hakuna anayeambiwa kwamba mwenzake ataungua. Wanachofundishwa ni kuuliza: umejuaje? Swali hilo linaweza kuonekana jepesi kwetu wa chuo kikuu, lakini mahali ambapo ugonjwa wa mtoto unaweza kuhesabiwa kuwa umetoka kwa jirani, swali la "umejuaje?" linaweza kuokoa maisha ya mtu.

Simzungumzii mtu wa mbali. Waliokulia Usukuma wanajua ninachosema. Bibi amepikia kuni na samadi ya ng'ombe kwa miaka hamsini, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Moshi umemla macho, yamekuwa mekundu. Mtoto wa jirani anafariki kwa homa. Familia inakwenda kwa mganga wa ramli chonganishi, naye hataji jina. Anataja upande wa kijiji, anataja umri, anataja macho. Mara nyingine nyuma ya ramli kuna shamba ambalo mjane amekataa kuliachia. Usiku watu wanakuja na mapanga. Gazeti linaandika "kikongwe auawa kwa imani za kishirikina", na sisi tunageuza ukurasa. Imani hizo hizo zimewaua na kuwakata viungo ndugu zetu wenye ualbino. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku kazi za waganga wa aina hiyo.

Malawi wana sheria ya tangu mwaka 1911 inayokataza kumtuhumu mtu uchawi. Pamoja na hivyo, wazee walikuwa wakifungwa gerezani kwa kosa la "uchawi", yaani anaadhibiwa yule ambaye sheria ilipaswa kumlinda. Waliosimama kidete kulipinga hilo walikuwa wahumanisti wa Malawi, chama kilichoongozwa na George Thindwa. Walifuatilia kesi, wakadai wafungwa waachiwe, na wengi wakatoka. Nigeria nako Leo Igwe, aliyeufanyia utafiti wa shahada ya uzamivu mkasa wa watuhumiwa wa uchawi kaskazini mwa Ghana, alianzisha mwaka 2020 kampeni ya kuwatetea watuhumiwa wa namna hiyo. Kuna kesi, kuna polisi, kuna mtu anayehitaji mahali pa kulala leo usiku. Hapo hoja na daftari vimekutana.

Ila lazima niwe mkweli, maana bila ukweli uhumanisti wenyewe hauna kazi. Sehemu kubwa ya kazi hii Afrika Mashariki haifanywi na wahumanisti. Under the Same Sun, shirika lililotetea sana watu wenye ualbino hapa Tanzania, lilianzishwa na Mkristo wa Kanada, Peter Ash, ambaye mwenyewe ana ualbino. Kule Usukuma, HelpAge na washirika wake walifanya kitu ambacho kwangu ni somo zima la falsafa: pamoja na kuwapatia wajane msaada wa kisheria, walisaidia kujenga majiko yanayopunguza moshi. Fikiria hilo. Badala ya kubishana na kijiji kizima kama uchawi upo au haupo, wakaanza na moshi unaoyafanya macho kuwa mekundu. Sijui waliojenga majiko hayo walisali wapi Jumapili, na bibi aliyepona hakuwa na haja ya kuwauliza.

Gharama yake

Kujitokeza hadharani kama mhumanisti kuna bei. Mubarak Bala, rais wa chama cha wahumanisti wa Nigeria, alikamatwa nyumbani kwake Kaduna Aprili 2020 kwa sababu ya alichoandika Facebook kuhusu dini. Mtoto wake alikuwa bado mchanga. Mwaka 2022 alihukumiwa miaka 24 jela. Mahakama ya rufaa ilipunguza kifungo hadi miaka mitano mwaka 2024, na Januari 2025 akatoka. Katika miaka yote hiyo, wahumanisti wa nchi nyingi walishughulikia mawakili, wakaandika barua na kupiga kelele. Jumuiya yake haikumsahau.

Kenya hakukuwa na jela, ila kulikuwa na kalamu. Februari 2016 chama cha wasioamini kilisajiliwa. Kabla ya miezi mitatu kwisha, usajili ukasimamishwa kwa hoja kwamba unahatarisha amani na utulivu. Baadaye kusimamishwa huko kukaondolewa. Katiba ya Kenya, ibara ya 32, inalinda uhuru wa dhamiri na imani. Yetu inalinda uhuru huo katika ibara ya 19. Uhuru wa kuamini usio na uhuru wa kutoamini ni sawa na mlango unaofunguka upande mmoja, na waumini nao wanapaswa kuuogopa mlango huo, maana kila dhehebu ni la wachache mahali fulani.

Kwa wengi wetu, hata hivyo, bei si mahakama. Bei ni mama. Mimi nyumbani nikifika nasali kabla ya kula, kwa sababu mama anatutazama. Sijamwambia. Najua nitakapomwambia hatauliza habari za falsafa. Atauliza: "Mwanangu, ukifa nani atakuzika?" Ni swali lile lile la mwenzangu, ila limevaa kanga.

Tulipokosea

Nikijumlisha yote haya, naona makosa matatu ya kundi letu, na nadhani si letu peke yetu.

La kwanza, tulidhani kuacha imani ni kazi iliyokamilika. Umeshinda hoja, umemaliza. Kumbe ndipo umejipa kazi yote ambayo zamani ilifanywa na wengine: kuzika, kuoza, kutembelea wagonjwa, kulea. Ukibomoa nyumba kwa sababu msingi wake huuamini, mvua haitasubiri mpaka umalize kuchora ramani mpya.

La pili, lugha yetu. Kati ya watu ishirini na tatu, wasichana ni watatu. Niliwauliza kwa nini wenzao hawaji. Mmoja akasema: "Kila usiku mnacheka imani ya mama zetu. Mama yangu alinilea peke yake na sala ndiyo iliyomshikilia. Nikae hapo nicheke nini?" Sikuwa na jibu. Kejeli inajaza meseji, haijazi benchi.

La tatu, tulisubiri kuwa wengi kwanza. Gora alianza na mlo. Shule ya Kasese haikusubiri Uganda nzima ikubali. Vile vile wale vijana wanne waliokuja chumbani kwetu hawakuwa taasisi. Walikuwa vijana wanne na daftari la shilingi mia tano.

Daftari letu

Basi tumenunua letu. Kanuni zilikaa nusu ukurasa. Kila mmoja anatoa shilingi elfu mbili kwa mwezi. Mwanachuo yeyote anaweza kujiunga na yeyote anaweza kusaidiwa, na hakuna anayeulizwa dini yake wakati wa kuingia wala wakati wa kupewa. Mtu akifiwa, wawili wanamsindikiza, zamu imepangwa. Mtu akilazwa, kuna ratiba ya kumpelekea chakula. Mweka hazina wetu ni dada wa ualimu anayeswali swala tano, na tulimchagua kwa sababu hesabu zake hazipotei. Hatujaliita kundi la wahumanisti. Ila mimi, nikiulizwa uhumanisti ni nini, sasa hivi naonyesha daftari kwanza, maelezo baadaye.

Mpaka sasa tumesindikiza msiba mmoja na tumepeleka uji hospitalini siku sita kwa kijana wa mwaka wa kwanza aliyepasuliwa tumbo. Siku mbili kati ya hizo aliyekuwa zamu hakutokea, ikabidi jirani zetu wale wa chapati watuokoe tena. Tunajifunza.

Yapo ambayo bado hatuna. Hatujui tutasema nini kaburini siku mmoja wetu akiondoka na familia ikatupa nafasi ya kusema. Hatuna nyimbo, na msiba usio na wimbo ni mrefu sana, muulize yeyote. Na mama bado sijamwambia.

Mwenzangu wa chumba amerudi kwenye kwaya, anaimba besi. Nilimuuliza kama ameanza kuamini tena. Akasema hapana, na wale vijana amewaambia hivyo hivyo, nao wakampa kitabu cha nyimbo. Kwenye daftari letu jina lake ni la tatu, na hajawahi kuchelewa kulipa. Mwezi huu watu tisa hawajatoa. Mmoja wao ndiye anayeandika makala hii, na anaahidi mbele ya wasomaji wote kwamba atalipa boom likiingia.